Akina Mama Waliolala na Viatu

Mwezi uliopita nilirudisha aproni mbili na ndara za bafuni, nikasaini, nikashuka kilima cha kituo chetu cha watoto wenye ulemavu kuelekea Wandegeya bila kitu mkononi. Mikono ilikuwa miepesi mpaka ikanitisha. Kwa miaka ishirini na miwili, saa kama ile mikono hii ilikuwa na mtoto ndani yake. Nikaikunja kifuani, nikatembea hivyo hivyo kama mtu mwenye baridi, na kalooli, wale korongo wakubwa wenye vipara wanaokaa juu ya miti pale, wakanitazama kama wazee wa kamati.

Nyinyi wasichana wawili mliobaki chumba cha watoto mliniomba niwaandikie kazi yetu inavyofanywa. Kitabu cha kazi kipo, kiko kabatini ofisini, ila kiliandikwa na watu ambao hawajawahi kutapikiwa. Mimi niliishia darasa la tano. Kiswahili changu ni cha kambini, cha watoto wa askari wa Mbuya waliotoka kaskazini, na binti wa duka la kuchapa ndiye aliyeninyooshea herufi. Maneno ni yangu. Cheo sikuwahi kupata, kwa hiyo hakitatuchelewesha.

Siku ya kwanza nilifika kabla ya mlinzi. Sista Goreti, aliyekuwa mkuu wa kituo wakati huo, alinipokea na kikombe cha chai mezani, chake, akaniuliza maswali matatu. Naweza kubeba kilo thelathini? Naweza. Naona kinyaa? Sioni. Nina mtoto wa kunihangaisha nyumbani? Hilo la tatu aliliuliza kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi. Nikamwambia ninaye mmoja, mzima, yuko kwa bibi yake kule kaskazini. Akaandika.

Mtoto huyo ni Ocan, huyu huyu mnayemjua, anayekunja mikeka na kukataa kabisa kukunja ule wa bluu. Alikuwa na miaka saba, hasemi, hajui moto wala barabara. Asubuhi ile nilikuwa nimemwacha chumbani kwetu chini ya kilima cha Mbuya, na jagi la maji, viazi vya kuchemsha, na redio ikimsemesha, nikafunga kufuli kwa nje. Baba yake, Charles Onen, alikuwa ameshaondoka siku nyingi. Alisema mtoto wa namna ile kwao hayupo, nimemtoa kwetu. Naandika hili mapema ili mnihukumu mapema, tuendelee na kazi.

Kazi inaanzia mlangoni. Mama anakuja na mtoto wake, anakukabidhi. Usimwangalie mtoto kwanza, angalia mikono ya mama inavyoachia. Kuna anayekutupia mtoto kama mzigo wa kuni; ukimlaumu umekosea, huyo hajalala siku tatu. Kuna anayeachia kidole kimoja kimoja. Kuna anayekupa mtoto kisha anabaki amesimama, mikono imekunjwa vile vile, kama chungu kilichoondolewa juu ya mafiga.

Ukishampokea mtoto unamvua nguo, unamwosha, unatazama ngozi kutoka kisogoni hadi nyayo, unaandika unachokiona: kuungua, jeraha, chawa, kidonda cha kulalia. Tulikiita kitabu cha alama. Aliyeandika hakuweka jina lake, ili mama asije akamsubiri njiani. Ukiandika alama ya mkono wa mtu, Sista anampigia simu afisa wa ustawi wa jamii, na hapo jambo limeshatoka mikononi mwenu. Kalamu ya kitabu kile ilifungwa kwa uzi kwenye msumari. Sabuni ziliibwa, taulo ziliibwa, kalamu ile hakuna aliyeigusa.

Aliyenifundisha ni Mama Kezia, Mluhya wa upande wa Kenya, mnene, mtaratibu, mlokole wa kupindukia. Alikuja Kampala akimfuata mume fundi wa magari. Mume akafa, yeye akabaki na cherehani na Mungu wake. Alinionyesha kukata mdomo wa kikombe cha plastiki upande mmoja, nusu mwezi, ili pua ya mtoto ipate nafasi na asilazimike kuinua shingo akinywa uji. Mpaka leo nikiona kikombe kizima naona hakijamalizika kutengenezwa. Alinifundisha kwamba mtoto akishikwa na kifafa unamlaza kwa ubavu, unasogeza viti, unakaa naye, na unamfukuza kila mtu anayekuja na kijiko cha kumtia mdomoni. Watu wanapenda sana kijiko. Nadhani kinawafanya wajione wamefanya kitu.

Naye ndiye aliyeanzisha usingizi. Ratiba ilisema saa nane mchana watoto wanalala, na akina mama waliorudi kuwachukua wanakwenda kwanza ukumbini kufundishwa kukubali. Ndivyo somo lilivyoitwa, kukubali. Mwalimu alikuja na karatasi kubwa na kalamu nene, na akina mama wakasinzia kwa heshima, macho wazi. Mama Kezia akaenda kwa Sista akamwambia ukumbi una kunguni. Haukuwa nao. Akatandika mikeka kumi na miwili upande wa pili wa chumba cha watoto, akashusha pazia la kijani, akawaambia akina mama walale, somo ndilo hilo. Mwalimu alikaa ukumbini peke yake wiki mbili, kisha akapata kazi nyingine. Mama Kezia alitubu uongo ule kanisani, ila kunguni hakuwaondoa.

Natamani kuwaandikia chumba kile kilivyokuwa, lakini ni kama kuandika maji. Pazia lilipitisha jua likawa la kijani, na kijani hicho kikakaa juu ya nyuso kama tuko chini ya ziwa. Mvua ya mchana ilipiga mabati, ikaacha, na mabati yakaendelea kudondosha matone moja moja kama yanafikiri. Watoto walipumua upande huu, mama zao upande ule, na baada ya muda pumzi zilikutana katikati, hujui ipi ya nani. Nilikaa kwenye kigoda hapo katikati nikipunga nzi. Siku nyingine nilikuwa sijui kama niko macho. Niliona mikeka ikielea polepole, ikigongana kwa upole, ikiachana. Niliona mama wa miaka arobaini akinyonya kidole gumba, na mtoto wake, upande wa pili, akikunja uso kama mtu mzima mwenye mambo mengi.

Mama Kezia aliniambia niangalie miguu. Wengi walivua viatu, wakaviweka pembeni viwili viwili. Lakini kila siku walikuwepo watatu, wanne, waliolala navyo, wamevifunga, mgongo umegandishwa ukutani. Mimi nilidhani wanaogopa wezi. Mama Kezia akasema hapana, hao walianza kukimbia wakiwa wadogo, na hakuna aliyewaambia wamefika. Hao ndio walioruka mtoto akidondosha kikombe. Hao ndio waliosema usingizini, na sauti zilizotoka hazikuwa za watu wazima. Mmoja alikuwa akiomba abakishiwe chakula. Mwingine alihesabu, moja, mbili, mpaka kumi na tisa, akanyamaza, akaanza tena. Ukiwaamsha kwa ghafla wanakutazama kama wewe ndiye waliyemkimbia.

Wataalamu wana jina la jambo hilo, na nyinyi mnalo kwenye vyeti vyenu. Sisi tulisema tu, huyu ana viatu. Mama mwenye viatu alikuwa na mtoto mgumu kama wenzake, ila mtoto akilia yeye alisikia vilio viwili, cha mtoto na kile cha zamani. Akachoka mara mbili, akakasirika mara mbili, akajichukia mara nne. Na sheria ya Mama Kezia ilikuwa moja: ya mkekani yanabaki mkekani. Hupeleki kwa Sista, huandiki kitabuni, humwambii hata mwenyewe akiamka, mpaka akuulize.

Sheria hiyo niliipenda kwa sababu zangu. Mimi pia nililala na viatu miaka mingi, mwulizeni Ocan, ingawa hatawajibu.

Baba yangu alikuwa Koplo Yusto Oyet. Mama alikufa nikiwa na miaka mitano, akaletwa Filda Atim. Filda alipenda kwenda kunywa kwa jirani, na mimi nilipenda kumfuata, kwa hiyo alinifunga mguu kwenye kitanda cha chuma kwa kamba ya gunia, fundo akaliweka nyuma ya kifundo, mahali jicho la mtoto halifiki. Miaka mitatu. Nilijifunza kulala nimekaa. Nilijifunza rangi zote za ukuta mmoja. Koplo Oyet alirudi kutoka kazini, akaketi kitandani juu yangu, akang'arisha buti zake, na kopo la kiwi likibingirika aliniambia nimpe. Katekista Lino, mlango wa tatu, alinisikia, akaja, akainama, akaniambia watoto watiifu hawalii. Niliambiwa niwasamehe wote watatu. Wamekufa kwa magonjwa ya kawaida, vitandani mwao, wamezungukwa na watu. Nimeandika majina ili mahali fulani yawe yameandikwa.

Sasa kesi yenyewe. Zilikuwa nyingi, lakini hii ndiyo iliyonifundisha kazi, na ilikuja mwaka wangu wa tatu.

Zaina aliuza sweta za watoto soko la Owino, mitumba. Alikuwa na binti mmoja, Fatuma, miaka tisa, mwembamba, mwenye mbio. Fatuma alijua neno moja tu, gari, na kila gari lilikuwa lake, alilikimbilia kulikumbatia. Mama yake alikuwa na mdomo. Asubuhi ya kwanza nilipompokea mtoto alinishika kiganja, akageuka kwa wenzake.

"Anti huyu mikono yake baridi kama polisi," akasema. "Nina kosa gani, afande?"

Chumba kizima kikacheka, hata mimi. Tangu siku hiyo nikawa afande. Alinichagulia sweta, akaniletea, akasema ni ya mtoto wa miaka kumi na mbili na itanitosha kama nitaacha kununa.

Saa nane alilala na viatu: raba nyeupe, zimefungwa fundo mara mbili. Wiki ya pili alisema usingizini, kwa sauti ya mtoto wa miaka kama sita, kwa Kiganda chao, "Kojja, nzigulira." Mjomba, nifungulie. Alisema mara nyingi, kila mara kwa adabu zaidi, kama anayedhani tatizo ni adabu. Nikaendelea kupunga nzi. Alipoamka alinyoosha shingo, akauliza kama afande amemlinda vizuri.

Jumatatu moja nikamvua Fatuma soksi. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto palikuwa na mstari mwekundu, mwepesi, upana wa kidole. Daktari angeandika soksi imebana. Mama Kezia angeandika upele. Mimi nilijua. Niliuzungusha mguu nikatafuta mahali pa fundo, nikapakuta nyuma, mahali jicho la mtoto halifiki. Chumba kikapotea. Nilisikia harufu ya kiwi. Zaina alikuwa bado mlangoni, ananiaga kwa utani wake, na mimi simwoni Zaina, namwona Filda Atim na leso yake ya kwendea kunywa. Nikachukua kalamu nikaandika neno moja: kamba.

Jioni hiyo nilirudi Mbuya, nikafungua kufuli, nikampa Ocan chakula, nikamwosha. Na mambo hayo mawili hayakugusana kichwani mwangu. Nawaapia. Kamba ilikuwa ubaya. Kufuli lilikuwa kwenda kazini.

Sista alipiga simu. Afisa wa ustawi alimfuata Zaina nyumbani Jumamosi, akamkuta Fatuma amefungwa, mama yuko sokoni. Kikao kikawekwa Ijumaa inayofuata. Huko magharibi, safari ya siku nzima, kulikuwa na nyumba ya watoto ambako watoto kama Fatuma walipelekwa, na hatukuwahi kusikia aliyerudi. Zaina alijua hilo kama sisi.

Wiki ile alikuja kila siku. Hakutania. Saa nane alikaa kwenye mkeka mgongo ukutani, Fatuma amemlalia mapajani badala ya kulala upande wa watoto, na kijani kile kikampita usoni bila kumlaza. Jumatano akamwambia Mama Kezia, taratibu, kama anayeagiza chumvi, "Wakimchukua Fatuma, mimi msinitafute."

Mama Kezia hakumjibu kwa maandiko. Alikaa naye mpaka saa ya kutoka, akamsindikiza hadi kwake, akalala huko, asubuhi wakaja pamoja. Mchana nilipewa zamu mimi. Hili liwekeni mahali pa kuonekana: mama akisema hivyo haachwi peke yake, hata chooni anasubiriwa mlangoni, na Sista anaambiwa saa ile ile. Hamwendi kumalizia chai kwanza.

Alhamisi, tukifua mashuka, Zaina akiwa mbele ya macho yetu ila mbali na masikio, Mama Kezia aliniambia bila kuinua macho kwamba alama ile kituoni hakuna mwingine angeiona. Sikukana. Nikamwambia nina dawa: nitasimama kikaoni niwaambie maneno anayosema Zaina usingizini. Wakijua alivyofanyiwa utotoni watamwonea huruma, watamwacha na mtoto wake. Nilikuwa nimefurahi kabisa, mpaka povu lilinirukia.

Akakamua shuka mpaka likakauka.

"Hiyo si yako kutoa, Santa," akasema. "Kama unataka kutoa siri kesho, toa uliyokuja nayo wewe."

Sijui alijua nini. Hajawahi kuniambia, na amesharudi kwao.

Ijumaa tulikaa ofisini kwa Sista Goreti: Sista, afisa na faili lake, mwenyekiti wa mtaa wa akina Zaina, Zaina na Fatuma, Mama Kezia mlangoni. Mimi niliingia na trei ya chai nikakaa bila kuambiwa. Afisa akaitoa kamba kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimejiandaa kuona gunia. Ilikuwa imesukwa kwa nyuzi za sweta, nyekundu, njano, bluu, nene na laini kama mkia wa paka. Afisa akaikunjua, nayo ikaendelea kukunjuka, ikashuka kwenye meza, ikatambaa sakafuni, ikamfikia Mama Kezia mlangoni. Fatuma akaijua, akacheka, akaikalia.

Zaina alieleza akitazama chini. Jumamosi kituo kimefungwa, na Jumamosi ndiyo Owino yenyewe. Jirani alikuwa akimshikia mtoto, jirani akahama. Sokoni alimpeleka mara moja, wakampata Fatuma jioni kwenye barabara kuu amekumbatia lori. Kamba aliipima ifike kizingitini, mtoto aone magari na asiyafikie. Aliisuka miezi miwili. Afisa akamwuliza kwa nini basi hakufunga tu mlango, kama watu wote. Zaina akasema hakutaka. Kwa nini? Hakutaka tu.

Afisa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa faili nyingi. Akasema kamba ni kamba hata ikiwa ya hariri, na kule magharibi kuna kitanda.

Mimi nilijua kwa nini hakutaka kufunga mlango. Neno lake nililisikia kwa masikio yangu mawili, nifungulie, nifungulie, na lingetosha kumwokoa. Lilikuwa mdomoni, lina ladha. Nikamtazama Mama Kezia, naye anatazama chai.

Nikasema mimi ndiye niliyeandika kitabuni.

Zaina akainua kichwa. "Wewe, afande?"

"Mimi. Niliijua alama kwa sababu ninayo."

Nikanyoosha mguu wakauona. Nikawataja Filda Atim, Koplo Oyet na Katekista Lino, mmoja mmoja, kwa sauti, mara ya kwanza maishani, na hakuna ukuta ulioanguka. Nikasema nilipouona mguu wa Fatuma niliandika kisasi changu kwenye jina la mama mwingine. Halafu nikasema, na hapa sauti ilikuwa inatoka mbali, kama redio ya jirani, kwamba mtoto wangu hayuko kaskazini.

"Saa hii yuko wapi?" afisa akauliza.

Nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka juu ya kamba.

Nakumbuka mvuke wa chai ukipanda wima, vikombe saba, hakuna aliyegusa. Nakumbuka mwenyekiti wa mtaa akikunja na kukunjua kofia. Kisha afisa akafungua ukurasa mpya, akaniuliza jina la mtoto na umri. Nikampa. Nilijua naandikisha kifo cha kazi yangu, na labda Ocan atapanda basi lile lile na Fatuma.

Sista Goreti akaweka kiganja juu ya ukurasa. Alimwambia afisa kwamba akiwaandika hawa wawili amwandike na yeye. Alisema amekuwa akimwuliza kila mfanyakazi lile swali la mtoto kwa namna ambayo mwenye mtoto hana budi kudanganya, na kwamba yeye ndiye aliyefunga kituo Jumamosi, ili apumzike. Sikuwahi kumpenda Sista Goreti. Dakika ile nusura nimpende.

Afisa akachoka nasi. Akampa Zaina mwezi mmoja: atakuja Jumamosi yoyote bila taarifa, na akikuta mtoto amefungwa, faili linaendelea na safari. Mimi Sista akaniambia Jumatatu nije na Ocan au nisije kabisa.

Aliyechukua ufunguo mezani ni Zaina. Alisema twende, akatoka.

Jinsi tulivyofika Mbuya siikumbuki vizuri. Nakumbuka jua baada ya mvua, lami inafuka moshi, miguu haigusi chini, na Fatuma akitaja gari, gari, gari, kama anayesoma tasbihi. Zaina alifungua kufuli mwenyewe. Mlango ukawa wazi, jua likaingia mpaka kitandani, na Ocan hakutoka. Alikuwa amekaa kando ya redio, akautazama mlango ule wazi kama picha iliyotundikwa ukutani. Mimi nikakumbuka kwamba hata Filda aliponifungua, nilibaki pale pale. Sikusogea kumwita. Nilikuwa sijui aitwe kwa maneno gani.

Fatuma akapita katikati yetu. Akamshika kidole, akamwambia gari, akamvuta. Wakatoka, wakakaa kizingitini bega kwa bega.

Zaina aliketi chini ukutani. Akaniuliza, bila kunitazama, yeye huwa anasema nini usingizini. Alikuwa ameuliza, kwa hiyo nikamwambia.

"Ulisikia hiyo," akasema, "halafu ukaandika."

"Nilisikia, halafu nikaandika."

Akalitaja jina la mjomba wake, lote, na la kijiji, kwa sauti ya kawaida, ya mchana. Mimi siliandiki hapa. Majina yangu nimeyatoa kwa sababu yalikuwa yangu. Hilo ni lake.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Jumamosi niko Owino. Utakaa nao wote wawili."

Halikuwa ombi. Alisimama akapangusa sketi, akamwita binti yake, na Fatuma hakutaka kuondoka, ikabidi abebwe.

Jumamosi ya kwanza Fatuma alinitoroka mara mbili. Ya pili mara moja. Ya tatu Ocan ndiye aliyemshika sweta, akang'ang'ania kwa mikono miwili mpaka nikafika. Ya nne, saa nne asubuhi, afisa alipitia kwa Zaina akakuta kimya, mwenyekiti akamwelekeza kwangu. Nilimwona akija polepole na faili kwapani, akiruka madimbwi. Alitukuta kizingitini watatu, mimi katikati, nimeshika mkono huku na mkono huku, tunatazama barabara. Akainama akaangalia vifundo vya miguu, vya Fatuma, kisha vya Ocan. Akachungulia ndani. Akauliza mama wa mtoto huyu yuko wapi.

"Yuko kazini," nikamwambia.

Akaandika hivyo hivyo, akafunga faili.